Hiyo Si Kovu, na Anayekuuzia Krimu Anajua

Nianze na aibu yangu ndio tuelewane. Mwaka jana nilipokea elfu nane nitangaze seti ya krimu tatu za "kufuta skaa kwa siku 14". Nilijipaka mara moja tu, mbele ya kamera, na filta juu. Wiki chache baadaye niko steji ya Fedha nangoja mat ya tao, dem mmoja wa mtaani kwetu, amemaliza fomu foo juzi tu, akanisalimia na kushusha maski. Mashavu yalikuwa yameambuka, mekundu katikati, meusi pembeni kuliko zamani. "Siz, nilinunua juu yako." Hakunitusi. Afadhali angenitusi.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: huyo dem hakuwa na kovu hata moja. Alikuwa na alama.

Wasee, hapa ndipo tunachezwa. Kila kitu kinachobaki baada ya chunusi tumeambiwa ni skaa. Doa jeusi, skaa. Shimo, skaa. Uvimbe, skaa. Neno moja, krimu moja, bei moja. Hiyo si bahati mbaya, ni biashara. Siku utajua tofauti, nusu ya hizo seti zitakosa mteja.

Mimi si daktari. Niliacha kampasi mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea mambo ya afya. Kwa hivyo usiniamini mimi, amini vidole vyako. Simama dirishani mchana, nawa mikono, funga macho, pitisha kidole usoni polepole.

Kidole kikiteleza tu na tofauti ni ya rangi, hiyo ni alama. Chunusi ilileta uvimbe, ngozi ikatoa melanini nyingi, rangi ikabaki. Ngozi zetu nyeusi hufanya hivi sana. Huisha, lakini kwa miezi, saa zingine zaidi ya mwaka. Dawa yake haina drama: acha kuminya, tibu chunusi zinazoendelea kutoka, paka sanskrini ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi, halafu chagua kitu kimoja cha polepole kama asidi azelaiki, au adapalini usiku. Kama una mimba, adapalini achana nayo. Basi.

Kidole kikizama, hapo sasa ni kovu. Na nisikize vizuri: hakuna krimu inayojaza shimo. Hakuna. Shimo liko kwa sababu nyama ya chini ilipotea au inavutwa. Na mashimo yenyewe si aina moja. Kuna vitundu vyembamba virefu, kama umedungwa na sindano, madaktari huviita aispiki. Hivyo daktari huweka tone la asidi kali ya TCA ndani ya kitundu chenyewe, au anakikata. Kuna mashimo mapana yenye kuta wima, kama alama ya tetekuwanga, yanaitwa boksika. Na kuna mabonde yanayofanya shavu likae kama mawimbi, rolingi. Ukivuta ngozi kidogo mabonde hayo karibu yapotee, basi kuna nyuzi chini zinayavuta, na daktari huzikata kwa sindano. Hizo ni kazi tatu tofauti. Sasa niambie ni krimu gani ya mitandaoni inafanya zote tatu kwa siku 14.

Kidole kikipanda, simama hapo hapo. Uvimbe mgumu uliovuka mpaka wa chunusi yenyewe, hasa kwenye taya, kifua au mabega, huenda ni keloidi. Hiyo hudungwa sindano ya steroidi na daktari, tena mara kadhaa. Ukiipitishia ile rola ya sindano uliyoona kwa video, unaiamsha ikue zaidi.

Sasa mbona ile seti ilionekana kufanya kazi? Kwa sababu krimu nyingi za aina hii hufichwa steroidi kali, kama klobetasoli. Siku za kwanza wekundu unatulia, uso unang'aa, ndiyo maana video zote ni za wiki ya kwanza. Endelea nayo uone: ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinarudi na ndugu zao, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Zingine zina haidrokwinoni, ambayo ukijipakia miezi na miezi bila daktari inaweza kukuachia weusi wa kibluu. Zingine zina zebaki, na hiyo huharibu figo. KEBS ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu 1998. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Marufuku imetuzidi umri na bado tunaletewa na boda hadi getini.

Najua komenti inayokuja: "Daktari wa ngozi ni wa mababi." Sawa, si bei ya mtaa, hata mimi nahesabu. Lakini piga hesabu na mimi. Kama una alama tu, wengi wenu huhitaji sanskrini na subira kabla ya daktari. Kama una mashimo, pesa ya seti tano zisizofanya kitu ingekuwa mwanzo wa akiba ya matibabu yenyewe. Kliniki ya ngozi iko hata Kenyatta, hospitali ya umma. Na ukienda kwa mtu wa leza, muulize kwanza amewahi kutibu ngozi nyeusi kama yako mara ngapi, kwa sababu leza mbaya kwetu huacha alama mpya. Akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu lako.

Kwa wenzangu wa kontenti: hizo elfu nane zililiwa na rent, sikatai. Lakini tukitangaza kitu cha uso, tuseme kiko na nini ndani, kinatibu aina gani, na turudi baada ya miezi mitatu na uso huo huo bila filta. Ukishindwa na hayo matatu, hiyo si rivyu. Umekodisha uso wako ukachoma wa mwenzako.

Ile video niliifuta. Dem nilimlipia kliniki, na daktari alisema weusi utapungua, ila itachukua muda mrefu kuliko ambavyo alama za kwanza zingechukua kuisha zenyewe.

Nenda dirishani. Funga macho. Alafu ndio ufungue M-Pesa.