Boti ya umeme ya gereji: Mota si tatizo, tatizo ni maji, kamba na betri

Mtu mmoja, ubao mmoja, kamba moja na kiboti kisicho na nahodha. Huo ni mchezo unaoonekana kwenye maziwa na fukwe za Ulaya, Marekani na Australia, ambako mafundi wa kujifunza wenyewe wanaunda viboti vya umeme vya kuvuta watu wanaoteleza kwa foili.

Ukiutazama haraka, ni mchezo wa watoto wa kishua. Lakini nyuma yake kuna mambo mazito: betri inayoweza kuwaka moto, propela inayozunguka bila mtu ndani ya boti, na sheria za majini zilizoandikwa zikidhani kila chombo kina nahodha wake.

Foili ni kitu gani?

Ni bawa linalokaa chini ya maji, limeshikizwa kwenye ubao kwa mlingoti wa kama sentimita 70 hadi 90. Ubao ukipata kasi, bawa linanyanyua kila kitu juu, kama bawa la ndege linavyofanya hewani. Ubao ukishatoka majini, msuguano unapungua sana na mtu anateleza kimya kimya.

Wazo si jipya. Mtaliano Enrico Forlanini alijaribu boti ya foili kwenye Ziwa Maggiore mwaka 1906. Mwaka 1919, boti ya HD-4 iliyoundwa na Casey Baldwin na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, ilifikia kilomita 114 kwa saa huko Canada.

Kilichobadilika ni kwamba foili imeshuka kutoka kwenye vyombo vikubwa hadi kwenye ubao wa mtu mmoja. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mashindano ya kaiti na ya ubao wa tanga yalifanyika kwa foili, baharini kule Marseille.

Kwa nini mtu aunde boti yake?

Jibu fupi ni pesa na upepo. Kaiti inataka upepo. Jeti ya majini inataka mafuta na dereva. Ubao wa foili wenye mota yake unauzwa dukani mara nyingi kwa dola 10,000 na zaidi, tena mota na betri vinauongezea uzito.

Kiboti cha kuvuta kinatatua yote hayo kwa mpigo. Mtu anashika kamba mkono mmoja na rimoti mkono mwingine. Kiboti kinamvuta mpaka foili inainuka, kisha anaachia kamba na kuteleza na wimbi akiwa na ubao mwepesi.

Vifaa navyo vimeshuka mtaani. Kontrola ya VESC, iliyobuniwa na Benjamin Vedder wa Sweden kwa ajili ya mbao za magurudumu za umeme, michoro na programu yake viliwekwa wazi kwa umma. Mwili wa boti unaweza kuwa ubao wa zamani wa kuteleza uliokatwa na kufunikwa faiba.

Hesabu zinasemaje?

Kwa bawa kubwa, mtu anaanza kuinuka kwenye kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Kipindi kigumu ni kabla ya hapo, ubao ukiwa bado unalima maji. Hapo mfumo unaweza kula kilowati 2 hadi 4. Ukishainuka, kilowati 1 hadi 1.5 zinaweza kutosha.

Sasa piga hesabu ya betri. Seli moja ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6. Ukiunga makundi 14 kwa mfululizo unapata takriban volti 50. Kila kundi likiwa na seli 10 za ampea-saa 5, jumla ni seli 140 na nishati ya kama kilowati-saa 2.5. Seli peke yake zinakaribia kilo 10.

Kwa nini volti 50 na siyo 25? Kilowati 3 kwenye volti 50 ni ampea 60. Kwenye volti 25 ni ampea 120. Joto kwenye waya hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukirudufu ampea kwenye waya ule ule, joto linakuwa mara nne. Wengi wanaochoma waya na viunganishi wameanguka kwenye hesabu hii.

Boti imeisha, mbona haivuti?

Kuunda ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inaanza siku ya kwanza majini, na matatizo karibu ni yale yale kila mahali.

Mota inalia, boti haisongi. Mara nyingi propela inavuta hewa kutoka juu ya maji. Kamba ikikaza, boti inabadilisha mkao, propela inapanda karibu na uso wa maji na kuanza kusaga mapovu. Dawa ni kuishusha propela, kusogeza betri mpaka boti ikae sawa ikiwa imebeba mzigo, na kuongeza moto polepole badala ya kubana rimoti hadi mwisho.

Boti haikati kona. Hapa fundi wa gereji anajifunza kitu ambacho manahodha wa tagi wa Mombasa na Dar es Salaam wanakijua siku zote. Kamba ikifungwa mwisho kabisa wa tezi, mzigo unaizuia tezi isiende upande, na usukani unakosa nguvu. Kamba inatakiwa kufungwa mbele zaidi, karibu na katikati ya boti. Lakini hapo nako kuna hatari yake: kamba ikivuta kwa ubavu inaweza kuipindua boti, ajali ambayo imewahi kuzamisha tagi za kweli. Ndiyo maana kamba hufungwa chini kadiri inavyowezekana, na betri hukaa chini kabisa.

Inazima ghafla. Sababu ziko nyingi, na kubahatisha ni kupoteza siku. Betri iliyochoka inashusha volti mzigo ukizidi, na kontrola inakata umeme. Saketi ya kulinda betri nayo inaweza kukata ampea zikipita kiwango. Au kontrola imepata joto: sanduku linalozuia maji kuingia linazuia pia joto kutoka. Suluhisho la joto ni bamba la alumini linalogusa maji kwa nje. Kujua kipi ni kipi, data za kontrola zinaonyesha volti, ampea na joto.

Rimoti inapotea. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji. Mtu akianguka na rimoti ikazama, mawasiliano yanakatika. Antena kwenye boti inatakiwa kuwa juu, na mfumo uwekwe hivi: mawimbi yakikatika, mota inasimama yenyewe mara moja. Hili hujaribiwa nchi kavu, propela ikiwa imetolewa.

Chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme na yanakula metali, hasa alumini ikigusana na chuma cha pua. Kipande cha zinki hufungwa ili kiliwe chenyewe badala ya mota. Kupima kama sanduku linavuja, njia ya bei poa ni kuweka karatasi laini kavu ndani, bila betri, na kulizamisha kwenye beseni kwa saa kadhaa.

Wanaofanikiwa wana tabia mbili. Wanabadilisha kitu kimoja kwa wakati, siyo propela na betri siku moja. Na wanapima: boti ikifungwa gatini kupitia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, nguvu ya mvuto inasomeka kwa kilo kabla mtu hajapanda ubao. Kipimo hicho hakisemi boti itavuta vipi ikiwa kwenye mwendo, lakini kinaonyesha kama badiliko limesaidia kwenye kuondoka.

Hatari halisi iko wapi?

Kwanza, betri. Mwaka 2023 pekee, watu 18 walikufa New York kwa moto uliotokana na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Betri iliyoungwa nyumbani na kuingia maji ya chumvi ina kila sababu ya kuogopwa. Inaweza isiwake baharini, ikawaka usiku ikiwa kwenye chaji. Kuichaji chumba cha kulala ni kucheza na roho.

Pili, ndege. Kanuni za usafiri wa anga hazimruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu ya ziada inayozidi wati-saa 160. Ile ya hesabu ya juu ina takriban 2,500. Kwa hiyo mtalii anayetaka mchezo huu Zanzibar au Diani haji na betri yake. Itatengenezwa au kukodishwa hapa hapa.

Tatu, propela. Jeti ya majini ina dereva anayetazama mbele. Kiboti hiki kinaendeshwa na mtu aliye nyuma, akihangaika kusimama kwenye ubao. Muogeleaji akitokea mbele, anayetakiwa kumuona ndiye aliye mbali zaidi.

Inaihusu vipi Afrika Mashariki?

Paje, Jambiani, Diani na Watamu zinaishi kwa upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi Juni hadi Septemba. Katikati ni tanga mbili, upepo hauaminiki na shule za kaiti zinapungukiwa wateja. Kiboti cha kuvuta kinagusa pengo hilo moja kwa moja.

Ujuzi nao upo jirani. Bodaboda za umeme za Nairobi, Kigali na Dar es Salaam zimezalisha mafundi wanaojua seli, kontrola na chaja. Ziwa Victoria upande wa Kenya, injini za umeme za wavuvi zimeshaanza kutumika. Kujua kwa nini propela inakula hewa au kontrola inapata joto ni ujuzi ule ule unaohitajika kwenye ngalawa ya mvuvi, na huko ndiko kwenye soko kubwa kuliko la watelezaji.

Lakini ufuo wa Paje si bwawa la kuogelea. Maji yakitoka, wanawake wanashughulikia mwani kwenye vijiti na kamba zao. Maji yakijaa, vijiti vile vile viko chini, havionekani vizuri. Foili inashuka karibu mita moja. Kiboti kilichopoteza mawasiliano kinaweza kuishia kwenye shamba la mtu ambaye hata hakujua mchezo huo upo.

Usimamizi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya. Kimataifa, shirika la IMO limekuwa likiandaa kanuni za meli zinazojiendesha, ila zinalenga meli kubwa za mizigo, siyo kiboti cha mita moja na nusu.

Mambo matatu yanaweza kuamuliwa kabla kiboti cha kwanza hakijaanza kukodishwa ufukweni: eneo lililotengwa mbali na waogeleaji na mwani, kinga inayofunika propela, na jaribio la kuzima rimoti mbele ya mkaguzi. Jaribio hilo la mwisho halihitaji maabara. Boti inafungwa gatini, mota inawashwa, rimoti inatumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Mota ikiendelea kuzunguka, boti hiyo haijawa tayari.