Picha Kumi, Zikapatikana Mbili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili twawaletea kisa chenye kuthibitisha kauli hiyo, kilichotukia mbali na pwani yetu, katika mji wa Newark, nchini Marekani.

Katika miaka ya 1930, ajira zilipoadimika, serikali ya nchi ile iliwapa wachoraji kazi ya kupamba majengo ya umma. Miongoni mwao alikuwamo Arshile Gorky, Muarmenia aliyezaliwa karibu na Ziwa Van, akayakimbia mauaji ya watu wake, na mamake akafa kwa njaa mwaka 1919. Mkimbizi huyu alikabidhiwa kuta za jengo la uwanja wa ndege wa Newark. Akachora kwa rangi za mafuta, juu ya turubai, picha kubwa 10 kuhusu ndege na safari za angani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi liliutwaa uwanja ule. Kuta zikaja kupakwa rangi nyeupe, zikapakwa tena na tena, hata watu wakasahau kwamba chini yake mna kitu. Gorky naye alifariki mwaka 1948.

Mwanahistoria wa sanaa, Bi. Ruth Bowman, hakuridhika na kusahau huko. Akashika njia ya kuzitafuta, na mwaka 1973 zikafichuliwa picha mbili chini ya matabaka 14 ya rangi. Zikasafishwa kwa subira, zikahifadhiwa katika makumbusho ya Newark. Nane hazijaonekana hadi leo.

Tuzingatie jambo moja: picha zile hazikuchomwa na adui. Zilifunikwa na brashi ya mtu aliyekuwa akitimiza kazi yake, wala hapakuwa na wa kumwambia, "Ngoja kwanza."

Nasi majumbani mwetu tunayo masanduku ya mabibi, barua za mababu, na picha ambazo nyuma yake hapana jina. Juma hili tuketi na wazee wetu, tuwaulize ni akina nani hawa, na tuandike majina yao. Na kabla ya kupaka chokaa ukuta wa kale, tuulize kwanza kilichomo chini yake.

Tukutane juma lijalo, inshallah.