Akiba Isiyorejeshwa Si Akiba

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Ya kompyuta huoza. Hapa Moshi tumemshuhudia mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha akipoteza azimio la kazi na alama za wanafunzi baada ya fundi kuweka upya mfumo wa kompyuta yake. Flashi alikuwa nayo, ila alinakili vijipicha vya kufungulia faili, si faili zenyewe.

Kwa maoni yetu, lawama ni ya wakufunzi pia: twafundisha kunakili, hatufundishi kurejesha. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi hubadilishwa mfumo. Hivyo somo hili haliwezi kungoja. Kwanza programu ziwekwe upya, maana hazirudi kwa kunakiliwa. Pili faili zirudishwe, kisha zifunguliwe ili kuhakikisha zinasomeka. Mwisho ni mipangilio, kama ile kamusi ya maneno ya Kiswahili tuliyoyaongeza wenyewe; hiyo hukaa nje ya folda ya kazi zetu, ndiyo maana husahauliwa.

Basi, kabla ya kwenda mazoezini, kila mwanachuo na arejeshe nakala yake katika kompyuta ya mwenzake. Hapo ndipo tutakapojua kama ana akiba.