Namba za mionzi: Tuulize kipimo kabla ya kuambiwa tuko salama

Na Mwandishi Wetu

JULAI 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mradi huo ni wa kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom.

Kwa kawaida mijadala yetu kuhusu madini hujikita katika mrabaha, ajira na fidia. Hayo ni mambo ya msingi. Hata hivyo, urani ina jambo ambalo dhahabu haina: mfanyakazi wa mgodini na mwanakijiji wa jirani watalazimika kusomewa namba za mionzi, na kwa namba hizo wataambiwa kama wako salama au la.

Hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Namba ya mionzi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikampotosha msikilizaji, endapo hajui imetajwa kwa kipimo gani.

Tuanze na kilicho rahisi. Mionzi inapopita mwilini huacha nishati, na kiasi cha nishati kinachofyonzwa na kila kilo moja ya mwili ndicho wataalamu wanachokiita dozi iliyofyonzwa. Kipimo chake cha kimataifa, kilichopitishwa mwaka 1975, ni grei, jina lililotokana na mwanafizikia wa Uingereza, Louis Harold Gray. Grei moja ni juli moja ya nishati kwa kila kilo.

Kabla ya hapo kilitumika kipimo kiitwacho radi, ambacho hakihusiani na radi ya mvua. Grei 1 ni sawa na radi 100. Hivyo radi 1 ni sawa na sentigrei 1, au miligrei 10.

Madaktari wa tiba ya saratani walilielewa mapema tatizo la kubadili kipimo. Mgonjwa aliyezoea kuandikiwa radi 200 kwa siku sasa huandikiwa grei 2, na anayesahau kubadili anaweza kukosea mara mia. Ndiyo maana wengi walichagua kuandika sentigrei 200, ili kipimo kibadilike lakini namba ibaki ileile.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayoigusa Namtumbo. Grei hueleza nishati iliyofyonzwa, lakini haielezi madhara. Kwa madhara kuna kipimo kingine, sieveti, kilichopewa jina la Rolf Sievert wa Sweden. Kwa mionzi ya eksirei au gama, grei 1 huhesabiwa kuwa sieveti 1, na watu wengi hudhani kwamba ni hivyo daima.

Sivyo. Vumbi la urani na gesi ya radoni inayotoka katika mawe yake hutoa chembe za alfa. Zikiwa nje ya mwili, chembe hizo huzuiwa na ngozi. Zikivutwa mapafuni, kila grei yake huzidishwa kwa 20. Maana yake ni kwamba miligrei 1 ya alfa katika mapafu ni milisieveti 20 kwa mapafu hayo. Ili kupata hesabu ya mwili mzima, namba hiyo huzidishwa tena kwa 0.12, ambao ni uzito wa mapafu katika kanuni za kimataifa, na jibu huwa milisieveti 2.4.

Kwa hiyo, nishati ileile moja inaweza kutangazwa kuwa 1, 20 au 2.4, na hakuna aliyesema uongo. Ukomo unaopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisieveti 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi na milisieveti 1 kwa mwananchi wa kawaida, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu. Atakayelinganisha ukomo huo na namba iliyo katika miligrei, bila kuuliza ni mionzi ya aina gani, atajidanganya mwenyewe.

Kuna pia suala la muda. Machi 15, 2011, karibu na jengo la mtambo namba 3 wa Fukushima, Japan, kilipimwa kiwango cha milisieveti 400 kwa saa. Msemaji wa serikali wakati huo, Yukio Edano, alilazimika kuwaeleza wananchi kwamba sasa vipimo ni vya mili na si vya maikro kama vya awali, tofauti ya mara elfu moja. Kwa kasi hiyo, mfanyakazi anafikia ukomo wake wa mwaka mzima ndani ya dakika tatu.

Chernobyl, Aprili 26, 1986, inatoa funzo lingine. Taarifa za mwanzo zilitaja rontjeni 3.6 kwa saa, sawa na takriban miligrei 35 kwa saa mwilini. Namba hiyo haikuwa ya kubuni. Ilikuwa ndiyo mwisho wa uwezo wa vifaa vilivyokuwapo mkononi, wakati sehemu nyingine jirani na mtambo uliolipuka zilikuwa na maelfu ya rontjeni. Watu 134 walithibitika kuugua kutokana na mionzi mikali, na 28 kati yao walifariki dunia katika miezi michache iliyofuata.

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, yenye jukumu la kusimamia matumizi salama ya mionzi. Wataalamu wapo na sheria ipo. Kinachohitajika ni lugha ambayo mwananchi ataielewa.

Taarifa yoyote kuhusu mionzi Namtumbo haina budi kujibu maswali manne. Namba hiyo ni ya grei au sieveti? Ni kwa saa, kwa siku au kwa mwaka? Vumbi na radoni iliyovutwa vimehesabiwa, au imepimwa mionzi ya nje pekee? Na kifaa kilichotumika kina ukomo gani?

Sisi waandishi nasi tusijivue lawama. Kuandika kwamba mionzi ni "12" bila kipimo ni sawa na kumwambia mnunuzi kwamba kiwanja kinauzwa kwa "12" bila kutaja kama ni shilingi au dola, elfu au milioni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika suala hili, ujinga ni kutouliza.