Vitabu vya Kutisha kwa Msimu wa Kusi



Kusi lavuma, shule zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na jua likishatua makuti huchakarika juu ya paa mithili ya mtu atembeaye. Huu ndio wakati ambao watoto huomba hadithi za majini na mazimwi. Mama mmoja aliniambia baada ya darsa kwamba vitabu vya namna hiyo havingii nyumbani mwake, kwa kuwa mwanawe wa miaka tisa haendi msalani peke yake usiku. Nilipouliza ni kitabu gani kilichomtisha, ilibainika si kitabu: ni filamu fupi alizozitazama katika simu ya binamu yake.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Picha ya simu humvamia mtoto ghafla, naye hana wa kumwuliza. Kitabu kisomwacho kwa sauti kina msomaji kando yake, awezaye kusita, kushusha sauti, kueleza, au kukifunga na kusema yatosha kwa leo. Wala hatuwezi kumwambia mtoto kuwa majini hawapo, ilhali Qur'ani ina sura nzima, ya 72, iitwayo kwa jina lao. Tuwezalo ni kumfahamisha kwamba wao nao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, wamo wema na wamo waovu, na kwamba hakuna miongoni mwao astahiliye kuogopwa kama aogopwavyo Mola. Kisha asomewe Ayatul Kursi, alale.

Kwa wadogo wa miaka mitano hadi minane, hapana haja ya kwenda dukani. Wasimulieni kisa cha nunda mla watu, ambacho Edward Steere alikikusanya Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870, ingawa bibi zetu walikuwa nacho kabla yake. Paka wa Sultani anaanza kwa kula mifugo, kisha watu. Kila mashtaka yakiletwa, Sultani humtetea, kwani paka ni wake na vinavyoliwa pia ni vyake. Siku nunda anapowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo macho yanapofumbuka, na mtoto mdogo wa nyumba ile ndiye aendaye mwituni kumtafuta. Watoto hufurahi sana anaporudi mara kwa mara na mnyama asiye nunda, na mama yake akamwambia siye. Waulizeni kwa nini Sultani hakusikia kilio cha wengine. Majibu yao yatawashangaza.

Wa miaka kumi hadi kumi na minne wapeni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anagundua kwamba liwali mwema aitwaye Adili huwapiga manyani wawili kila usiku, huku moyo wa mpigaji ukimuuma. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa jinsi walivyomtendea. Kuna pia mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na hapo mtoto wangu wa pili alijifunika shuka hadi puani. Lakini kitishacho zaidi si jini wala mawe. Ni ndugu wa tumbo moja wanaokula sahani moja nawe huku wakikutakia shari. Nyumba yenye watoto wanaooneana kijicho itakuwa na mengi ya kuzungumza. Mwenye kuhifadhi Suratul Falaq atalitambua jina la Hasidi mara moja. Lugha yake ni nzito kidogo, someni pamoja.

Vijana wakubwa watapenda Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960. Maiti inaonekana mahali pa mzimu, na wengi wanatetemeka. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anatafuta mkono wa binadamu. Nawaombea mabinti zetu hasa wakisome. Tunawajua wanawake waliouza mikufu ya dhahabu kwa sababu mganga aliwaambia wana jini wa kutolewa, kumbe maradhi yalihitaji daktari, au ndoa ilihitaji wazee wakae kitako. Msichana aliyezoea kumfuata Bwana Msa hatampa mganga mkufu wake kirahisi.

Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, ni cha watu wazima peke yao. Kiwekeni rafu ya juu. Babu aliyekufa anamwendea mjukuu wake, K, mtu wa cheo na starehe, na kumlazimisha kuitazama nchi ambayo yeye na wenzake wameifisidi. Nakala yangu iko kwa jirani tangu mfungo mosi, naye asema bado hajaimaliza. Anayeitaka na ashike zamu.

Juma lijalo, inshallah, tutarejea kwenye vitabu vya mapishi.