Kituo cha Syokimau: Jengo lipo, treni ni chache

INASIMULIWA miongoni mwa Wakamba kuwa Syokimau, mwanamke aliyejaliwa kipawa cha utabiri, aliona nyoka mrefu akija kutoka upande wa bahari huku akipumua moto na moshi. Wengi walidai kuielewa kauli hiyo pale reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Nairobi mwaka 1899.

Zaidi ya karne moja baadaye, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha treni chenye jina la mwanamke huyo, pembezoni mwa jiji kuu la Kenya. Matumaini yalikuwa makubwa. Mkazi wa Syokimau, Mlolongo au Kitengela angeliacha gari lake kituoni, apande treni, na kufika katikati ya jiji, umbali wa kilomita 16 hivi, bila kukwama katika msongamano wa Barabara ya Mombasa.

Mantiki ya mpango huo haina kasoro. Tuseme treni moja imebeba abiria 700. Watu hao wangehitaji matatu 50 zenye viti 14 kila moja, zote zikigombania barabara ile ile saa moja ya asubuhi. Kwa jiji ambalo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi wake kuwa 4,397,073, bila kuwajumuisha wanaolala katika kaunti jirani, hakuna barabara itakayotosha kumbeba kila mtu na gari lake.

Mbona basi msongamano haujapungua? Jibu la kwanza limo katika historia ya reli yenyewe. Wakoloni waliijenga ili kuunganisha bandari ya Mombasa na Ziwa Victoria, wala si kumpeleka mfanyakazi kazini asubuhi na kumrudisha nyumbani jioni. Ni reli ya upana wa mita moja, na kwa sehemu kubwa ni njia moja tu. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila mahali penye njia ya pembeni. Iliyotangulia husubiri, na abiria wake husubiri nayo.

Matokeo yake ni safari chache, nyingi zikiwa za asubuhi na jioni. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Anayechelewa kutoka ofisini kwa dakika kumi hakosi dakika kumi tu, bali huenda akaikosa treni kabisa. Muuguzi anayemaliza zamu usiku, au mchuuzi anayefunga biashara saa nne, hawezi kuipangia siku yake huduma inayokoma mapema. Matatu ina kelele, na nauli yake hupanda mvua inyeshapo, lakini ikiondoka moja huja nyingine.

Haki itendeke kwa kukiri yaliyofanyika. Mwaka 2020 serikali ilinunua kutoka Uhispania treni 11 zilizokwisha kutumika, zenye injini ndani ya mabehewa, na kituo kikuu cha Nairobi kikakarabatiwa. Hata hivyo, treni mpya juu ya njia ile ile moja ni sawa na kuongeza magari kwenye daraja jembamba.

Mzigo wa njia hiyo uliongezeka pia mwaka 2017, reli ya kisasa kutoka Mombasa ilipoanza kubeba abiria. Reli hiyo ina upana wa mita 1.435, na kituo chake cha Nairobi kimo huko huko Syokimau. Treni yake haiwezi kuendelea hadi katikati ya jiji juu ya reli ya zamani. Hivyo basi, msafiri wa Mombasa naye huhitaji treni ya kumuunganisha na jiji, na njia ni ile moja.

Wakati huo huo, fedha nyingi zimeelekezwa barabarani. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kasi ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo watumiaji wake hulipa ada. Mwenye uwezo hupita juu. Asiye nao hubaki chini katika foleni.

Wapo watakaosema kuwa kujenga njia ya pili ni ghali mno. Ni kweli gharama si ndogo, lakini kuna hatua za kutangulia: kuongeza sehemu za kupishania, kuziheshimu saa zilizotangazwa, kurefusha huduma hadi usiku, na kuweka mabasi ya kuwapokea abiria vituoni. Syokimau imo katika Kaunti ya Machakos ilhali abiria wake wengi hufanya kazi Nairobi. Mamlaka ya uchukuzi ya NAMATA, iliyobuniwa mwaka 2017 kuunganisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ilikusudiwa kwa mambo kama haya yanayovuka mipaka.

Jengo zuri hupigwa picha siku ya ufunguzi. Thamani ya kituo, hata hivyo, hupimwa na yule anayefika saa tatu usiku akiwa amechoka, akitaka kujua treni ijayo itaondoka lini. Syokimau ikiweza kumjibu kila siku bila kumdanganya, msongamano wa Barabara ya Mombasa utaanza kupungua.