Somo la Dini si Saa ya Kupumzika

Tazameni ratiba za shule zetu nyingi za Kikatolika. Saa ya dini imewekwa mwisho, jua likiwa kali na watoto wamekwisha choka. Anayepewa kuifundisha ni mwalimu aliyekosa saa za kutosha katika masomo mengine. Yeye anaingia, anawaimbisha wimbo mmoja, kisha anaketi kusahihisha madaftari ya hesabu. Mwisho wa muhula wote wanapata pointi 8 juu ya 10. Je, huko ni kufundisha? Sivyo! Ni kuwadanganya watoto na wazazi wao.

Wengine wanajitetea: "Imani ni jambo la moyo, haipimwi." Ni kweli, Mungu peke yake huipima imani. Lakini mafundisho yanapimwa. Mtoto anajua sakramenti saba na maana yake, au hajui. Mwongozo Mkuu wa Katekesi wa mwaka 1997 unataka dini shuleni iwe somo kamili, lenye mpango na bidii sawa na masomo mengine.

Wazazi nao wanasema: "Dini haitampa mtoto kazi." Basi mpeni hesabu tupu, bila amri ya saba. Mtapata karani anayejua kuiba kwa ufundi, na ninyi mtakuwa wa kwanza kumlilia.

Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilitwaa shule zetu, na somo la dini likafukuzwa. Wakristu walihuzunika sana. Mapatano ya mwaka 1977 yaliweka tena shule hizo chini ya uongozi wa Kanisa. Je, tulirudishiwa shule ili sisi wenyewe tuiue saa ile tuliyoililia?

Wakubwa wa shule, ipeni dini saa nzuri ya asubuhi. Kanuni ya 804 ya Sheria ya Kanisa inataka mwalimu wa dini awe na mafundisho ya kweli, mwenendo wa kikristu na ufundi wa kufundisha. Mtafuteni mtu wa namna hiyo. Mtihani uwe mtihani, na asiyejua aandikiwe sifuri yake. Nanyi wazazi, buletini ikifika nyumbani, anzeni kusoma mstari wa dini. Mtoto hataheshimu somo ambalo baba na mama wanaliruka.